Kurudishiwa Baridi, Kigoda na Mke Wangu

Enoka Kibona,
Kata ya Mbebe, Wilaya ya Ileje,
Mkoa wa Songwe.
Mwezi wa saba, majira ya baridi (naomba neno hilo la mwisho lizingatiwe).

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Ufundi Nuru ya Mpaka,
Tunduma.

Kwako Bi Zakia Abdulwahab, pamoja na heshima zote ambazo sijazitumia mahali pengine wiki hii,

YAH: FUNDISHO LENU KWAMBA BARIDI HAIPO, NA MADHARA YALIYOIPATA NYUMBA YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, nami nitahusika na yaliyobaki.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ni msomaji. Nayataja yote mawili kwa sababu huku kwetu watu wakisikia mtu ni mkulima hudhani hasomi, na wakisikia anasoma hudhani shamba lake limeota magugu. Nimewahi kuwaandikia wahariri wa magazeti, meneja wa benki, watabiri wa hali ya hewa (kuhusu neno “manyunyu”, walilolitumia siku ambayo mvua ilibeba daraja letu la miti), na mchungaji wangu. Wote walinijibu kwa barua isipokuwa mchungaji, ambaye alinijibu akiwa mimbarini. Kwa hiyo usidhani barua hii inatoka kwa mtu aliyeamka na hasira. Nimeamka na hoja.

Mke wangu Enesi ni mwanafunzi wako. Ni yule mama anayekaa kiti cha mbele na kuuliza maswali mpaka chai ya walimu inapoa. Wanafunzi wenzake wanaotokea upande wa Nakonde, ng’ambo ya mpaka, humwita “bamayo”, yaani mama, na naambiwa hata walimu siku hizi humwita hivyo hivyo. Mwaka jana alikuja kwenu kusomea umeme wa jua, ufundi wa majokofu na kupasha joto nyumba. Nilimruhusu mwenyewe. Nilidhani atajifunza kuitengeneza friji ya dada yake mwenye duka hapo Tunduma, arudi, tuendelee na maisha. Badala yake amefaulu. Sasa Jumatatu ijayo anatakiwa kwenda Kamsamba, bondeni, kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, akafunge chumba cha kupozea maziwa kinachoendeshwa na jua. Asipokwenda, nafasi yake atapewa mwingine, na cheti cha hatua ya pili ataendelea kukiona kwa wenzake.

Naandika kukuomba nafasi hiyo apewe huyo mwingine. Sababu zangu ni hizi.

1. Siku ya kwanza aliyorudi kutoka chuoni nilimpokea mlangoni nikamwambia maneno ambayo mtu yeyote wa Mbebe humwambia mwenziwe mwezi wa saba: “Karibu ndani, mama Sekela, funga mlango baridi isiingie.” Akatua begi lake, akafunga mlango, akaniambia: “Baba Sekela, baridi haiingii. Joto ndilo linalotoka. Baridi haipo.”

Bi Mkuu, mimi nimezaliwa Mbebe. Asubuhi za majira haya ng’ombe wetu hutoa moshi puani kama wazee wenye viko. Nimewahi kuanua shati kwenye kamba likaja limenyoosha mikono kana kwamba linakamatwa na polisi. Shangazi yangu Tabita, anayeishi nasi, huvaa kanga tano na ya sita huiweka akiba. Kisha anatokea mwalimu wenu Bwana Bashiri, ambaye kwa taarifa nilizonazo amekulia Tanga, anawaambia watu wazima kwamba kitu kilichotutesa sisi na babu zetu hakipo. Kwamba hata friji haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulimwaga nje kwa mgongoni, basi. Nilimwuliza Enesi: kama baridi haipo, kitu gani kilimwua babu yangu shambani mwaka ule umande ulipoganda? Akanijibu, “Alipoteza joto,” akaenda kukoroga uji.

Nimelitafakari jibu hilo kutoka kila upande na bado naliona ni la dharau. Huwezi kumwambia mtu aliyeibiwa kwamba mwizi hayupo, ila kuna mali iliyoondoka.

2. Nakuja kwenye kigoda, na hapa naomba uvute kiti chako karibu, maana wewe bado unacho.

Jiko letu lilikuwa nyumba ya peke yake, kama ilivyo desturi. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na kando ya mafiga kuna upande mmoja ambao moshi hauendi. Upande huo ndipo kilipowekwa kigoda. Babu alikikalia, baba akakikalia, na tangu baba afariki nakikalia mimi. Mgeni akija hukaribishwa upande wa pili alie kidogo, ndipo ajue amefika nyumbani kwa watu. Mwenye kigoda huona nyuso zote kwa macho makavu, na mtu mwenye macho makavu mbele ya watu wanaotokwa machozi hushinda mjadala wowote duniani. Hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyotawaliwa vizuri kwa vizazi vitatu.

Enesi ameyaondoa mafiga. Amejenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Ameliunganisha na nyumba kubwa kwa ukuta mmoja mnene wa matofali, bomba likapitishwa ndani ya ukuta huo kabla ya kutoka nje, hata ukuta wenyewe unapata joto kama mgonjwa wa homa. Matundu yote ya chini ya paa ameyaziba. Ametandaza dari ya mikeka. Mimi nilimsaidia kukanyaga udongo, nikidhani tunajenga banda la mbuzi; sikuulizwa maoni yangu kuhusu matokeo.

Matokeo ni kwamba sasa nyumba nzima ina joto lile lile, kila kona. Nimezunguka na kipimajoto chake mwenyewe nikitafuta mahali penye unafuu kuliko pengine, nimekosa. Natumaini unaona maana yake. Kigoda changu hakina tena mahali pake, kwa sababu mahali pote ni pazuri. Juzi nimemkuta Shangazi Tabita amekikalia, yuko mlangoni, kanga moja tu mwilini, anachambua maharage. Nilisimama mbele yake kwa kiasi kinachomtosha mtu kuelewa. Aliniangalia, akasogeza ungo, akasema, “Si ukae popote, mwanangu, kote sawa.”

Kote sawa! Tawala ngapi zimeanguka kwa maneno hayo mawili?

3. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano, majirani walikuwa wakija jioni kwenye moto wangu. Tulikuwa tunajadili mambo mazito: kama mbegu ya kahawa ya zamani ilikuwa tamu kuliko hii ya sasa, kama watu wa Ikinga ni wabishi kwa asili au ni kwa mazoea, kama ni haki nchi mbili kugawana mto bila kuuliza samaki. Mpinzani wangu mkubwa alikuwa jirani yangu Luka. Luka angeweza kupinga jambo ambalo amelisema mwenyewe jana yake. Nilimheshimu kwa hilo. Niliamini, Bi Mkuu, kwamba watu wale walikuwa wanakuja kwa ajili ya hoja.

Mwezi wa tano mwaka huu Luka alimwomba Enesi akamfanyie kwake kama alivyofanya kwetu. Enesi akamfanyia, akasema anahitaji mazoezi. Kisha jirani wa Luka. Kisha jirani wa jirani. Na kadiri mabomba ya moshi yalivyozidi kuota kwenye mapaa ya kitongoji chetu, ndivyo wasikilizaji wangu walivyopungua, hadi ikafika siku nikatoa hoja nzima kuhusu ule mto nikiwa na paka. Nilipokutana na Luka njiani nilimwuliza kulikoni. Akanishika bega kwa upole ambao sijausamehe hadi leo: “Enoka, ndugu yangu, sasa hivi hata kwangu kuna moto.”

Miaka yote hiyo, kumbe Luka alikuwa ananipinga ili aendelee kukaa.

Nikamgeukia mjumbe wa mwisho aliyebaki kwenye baraza langu, yaani mke wangu. Hapo nikagundua uharibifu mwingine. Enesi ndiye mpishi, na mpishi hukaa upande wa moshi. Tangu nimuoe alikuwa ananijibu huku anafuta macho kwa ncha ya kanga, na kabla hajamaliza kufuta mimi nilikuwa nimekwisha fika kwenye hoja inayofuata. Nilikuwa nashinda kila siku. Tangu bomba lile liwekwe hajafuta macho hata mara moja, na mimi humo jikoni sijashinda hata mara moja. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana. Nasema yalianza siku moja.

4. (Lalamiko la nne nimelifuta. Mke wangu amelisoma akacheka mpaka akakaa chini.)

5. Juu ya paa letu Enesi ameweka mtambo wa kupasha maji kwa jua. Ni sanduku bapa, jeusi, lenye kioo, limeinamishwa kidogo likitazama jua. Nakuomba umchukue mtu yeyote wa Ileje au wa Mbozi, umsimamishe mbele ya sanduku hilo, umwulize hiki ni nini. Hatasita. Atakwambia ni kichanja cha kuanikia kahawa, na atakusifu kwa kuweka kioo ili kuku wasichakure kutoka chini.

Nami nikakitumia kama kichanja. Nilipigilia ubao kwa chini kahawa isiporomoke, nikapandisha kahawa yangu iliyooshwa, nikaisambaza vizuri kwa mkono, nikashuka ngazi na furaha ya mzazi ambaye hatimaye ameona faida ya ada. Sina budi kukiri kwamba kahawa ilikauka kwa namna ambayo sijapata kuiona. Ila maji yalikuwa ya baridi (nasema baridi, nami nalisema kwa makusudi) siku Shangazi Tabita alipoingia bafuni akiwa amejiandaa kwa maji ya moto. Maneno yaliyotoka bafuni humo sitayaandika, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa.

Enesi alishinda siku nzima akihangaika. Alifungua koki, akafunga koki, akagonga mabomba, akapiga simu kwa Bwana Bashiri, wakaulizana kuhusu hewa iliyonaswa. Mimi nilikuwa chini ya ngazi nikimshikia tochi na nyundo, nikimhurumia. Hatimaye alipanda juu ya paa. Kisha nikasikia: “Baba Sekela.” “Naam.” “Panda uje unionyeshe ugonjwa wa mtambo huu.” Nikapanda. “Ni wa aina gani, huu ugonjwa? Arabika?”

Sasa nakuuliza wewe kama mtu wa elimu: kosa ni la nani? Mnawafundisha watu wa nchi ya kahawa kutengeneza kichanja, halafu mtaala wenu hauna hata ukurasa mmoja unaosema kisitumiwe. Mnategemea tuligundue kosa hilo kwa kuoga.

Na kwa kuwa nimekwisha panda juu ya paa, niseme na hili. Sanduku lile mwanzoni lilikuwa linatazama kusini, kwa sababu mke wangu aliangalia video ya fundi wa nchi za mbali huko. Mimi ndiye niliyemwambia, nikiwa na ramani mkononi, kwamba fundi yule anaishi upande wa juu wa dunia na sisi tupo upande wa chini, kwa hiyo jua lake na letu hayapiti njia moja. Mwezi wa saba jua letu liko kaskazini. Alibisha. Akatoka nje, akakiangalia kivuli chake mwenyewe, akarudi, akaligeuza sanduku. Ile ndiyo mara pekee mwaka huu nimeshinda, na chuo chako hakijaniandikia hata neno moja la shukrani.

6. Tabia yake mbele za watu. Haingii tena kwenye nyumba ya mtu kama mgeni; anaingia kama daktari. Anapapasa kuta. Anapitisha kiganja kwenye ukingo wa dirisha. Jumapili iliyopita, katikati ya maombi, aliinua mkono juu kuelekea kwenye tundu la paa la kanisa akautuliza hapo, na mchungaji akadhani ameguswa, akamwombea kwa sauti. Walipofumbua macho Enesi akamwambia: “Asante, mchungaji. Joto lote linatokea hapo juu.”

Lakini la harusi ya Ikinga ndilo lililozidi. Niliombwa kuwapa maharusi nasaha, na nilikuwa nimeandaa hoja kumi na moja. Friji ya soda ya mwenye nyumba, inayotumia umeme wa jua, ilikuwa inanguruma kona ya turubai. Nikiwa kwenye hoja ya pili, mke wangu, aliyeketi meza ya mbele pamoja na wazazi, alisimama, akaenda kuitegea sikio, akamkonyeza mwenye nyumba, wakaivuta mbele kidogo kutoka ukutani. Akachukua kitambaa cha meza akaufuta mgongo wake vumbi lote. Wageni mia wakageuza viti kumwangalia mwanamke anayeisugua friji mgongo. Mimi niliendelea. Ninavyohutubia mimi, friji yoyote ina nafasi ya kutosha kupoza soda, nami nilipofika hoja ya tisa vilipigwa vigelegele vikubwa. Nilitulia, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kumbe ndiyo chupa ya kwanza imefunguliwa, ina jasho.

Baba wa bibi harusi alimsogezea Enesi kiti chake mwenyewe. Hoja ya kumi na ya kumi na moja bado ninazo, na maharusi wale wanaishi bila kuzijua.

7. Sasa nakuja kwenye jambo kubwa kuliko nyumba yangu, maana mimi si mtu wa kujifikiria peke yangu.

Tuchukulie, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba Bwana Bashiri anasema kweli. Baridi haipo, kuna joto tu, na joto linahamishwa kutoka hapa kwenda pale. Vizuri. Kitu kinachohamishwa kutoka hapa kwenda pale, kwa watu wa Tunduma, kinaitwa mzigo. Na mzigo una mwenyewe.

Simama barabarani hapo nje ya chuo chako uangalie malori ya friji yaliyopanga foleni mpakani. Kila lori lina mashine inayonguruma mchana kutwa. Kwa mujibu wa mafundisho yenu, mashine ile inatoa joto kwenye samaki na kulimwaga barabarani. Samaki ni wa nchi nyingine. Basi na joto lake ni la nchi nyingine. Je, joto hilo linapomwagwa Tunduma limeingia nchini, au halijaingia? Na la maparachichi yetu yanayotoka, linabaki kwetu au lilipaswa kusafiri nayo? Simlaumu mtu yeyote wa pale mpakani. Hakuna anayeweza kukagua kitu ambacho hajafundishwa kwamba kipo. Nawalaumu ninyi mliojua mkanyamaza. Mnakaa mita chache kutoka kwenye biashara kubwa ya magendo ya joto katika ukanda huu, na mnachofundisha ni kuunganisha nyaya.

Nikiendelea na mantiki hiyo hiyo, ambayo ni yenu na siyo yangu, nafika Kamsamba. Kule, naambiwa, kuna joto la kumtosha kila mtu na linabaki. Mpunga unalipenda, ng’ombe wanalivumilia, watu wanalikimbia. Ninyi mnamchukua mke wangu kutoka Mbebe, mnampeleka huko, akalitoe joto kwenye maziwa, kisha alifanye nini? Alimwage. Nje. Hewani. Bure. Wakati huku juu zipo nyumba ambazo Enesi bado hajazifikia, zenye wazee wanaovaa kanga tano tano, ambao kila asubuhi wanatuma watu kuuliza: fundi anakuja lini? Anamkimbilia nani mtu wa namna hiyo, fundi akiwa bondeni? Mimi? Mimi naweza kumweleza tu kwamba baridi haipo.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Jina la Enesi litolewe kwenye orodha ya Kamsamba, na arudishwe nyumbani akiwa katika hali aliyokuwa nayo kabla hamjamfundisha, au inayokaribiana nayo.

(b) Bwana Bashiri aje Mbebe mwezi huu huu, bila koti, alale usiku mmoja nje ya ukuta wa Enesi, kisha asubuhi aulizwe mbele ya mashahidi kama baridi ipo.

(c) Joto la Kamsamba lisimwagwe tena. Lifungashwe, lipandishwe kwenye malori, liletwe huku. Kama inashindikana, chuo kieleze kwa maandishi kwa nini, na kieleze kwa lugha ambayo Shangazi Tabita ataielewa, maana ameanza kulisubiri.

(d) Chuo kipendekeze mahali pa kigoda.

Nina imani utalipa suala hili uzito wake. Nisalimie walimu wote, hata Bwana Bashiri, ambaye simchukii, namsubiri tu. Msalimie mpishi wa chuo, ambaye Enesi anasema wali wake hauna mpinzani, nami sina budi kuamini kwa kuwa hilo nalo tulibishana nikashindwa. Wasalimie wale vijana wa Nakonde na uwaambie bamayo wao hula vizuri akiwa kwake. Msalimie mlinzi wa getini, na shemeji yangu wa dukani ukipita kununua sukari. Mwambie friji yake naisikia hadi huku. Luka naye anakusalimu, ingawa hakujui. Shangazi Tabita anakusalimu akiwa kwenye kigoda.

Ni mimi, anayepingana nawe kwa moyo mweupe,

Enoka Kibona
Mkulima na Msomaji

Tanbihi: Barua hii analeta Enesi mwenyewe, maana Ijumaa anakuja kwenu kuchukua buti na miwani ya kazi. Hilo la kumpa yeye barua ya kumshitaki yeye lilikuwa wazo lake; alisema kwa basi lingine ingechelewa. Ameisoma yote akiwa ameuegemea ule ukuta. Alipomaliza akasema mwandiko umetulia, kisha akaniuliza swali moja: wiki ile aliyokuja Tunduma kufanya mtihani, nyumba ilikuwaje?

Ilibidi niseme kweli, kwa sababu kipimajoto alikuwa nacho mkononi. Nyumba ilikuwa na joto lile lile. Jiko liliwaka vizuri, ukuta ulikuwa wa moto, maji yalikuwa ya moto, hapakuwa na kahawa juu ya kioo. Shangazi alikwenda kuwasalimu watu, kigoda kikabaki wazi, nikakikalia. Shangazi aliporudi nikampa hoja tatu nzito kuhusu ule mto na samaki, na akakubaliana na zote tatu. Luka akapita kuuliza kama fundi amerudi. Nikampa na yeye. Akakubali. Bi Mkuu, sijawahi kuogopa kiasi hicho. Nililala na makoti mawili kwenye nyumba ambayo kipimajoto chake kinasema haina tatizo.

Kwa hiyo ombi (a) naliondoa. Aende Kamsamba, na asipewe mwingine nafasi yake. Huyo mwingine hataweza. Ombi (b) naliondoa pia. Mwambie Bwana Bashiri nakubali kwamba ni joto tu lililoondoka, ila asilitangaze mpaka nifike, kwa sababu nina maswali ya nyongeza.

Nasema mpaka nifike kwa kuwa Jumatatu nitapita hapo. Enesi anadhani namsindikiza hadi stendi ya Tunduma tu. Mavuno yaliyobaki nimemwachia Luka, kwa sharti kwamba akae mbali na paa. Naambiwa chumba kile cha maziwa kina mlango mmoja, na kwamba nje yake jua la bonde halimpi mtu nafasi ya kupumua. Basi lazima kuna mahali pamoja, kando ya mlango huo, ambapo ni pazuri kuliko pengine pote Kamsamba, na fundi akiwa kazini anaweza kubishana na mtu bila yeyote kati yao kufuta macho.

Sehemu hii ya chini nimeiandika baada ya yeye kusoma, na bahasha nimeigundisha kwa ugali. Tafadhali usimwonyeshe. Kigoda nimekwisha kukifunga kamba. Kipo nyuma ya magunia ya kahawa.